Chakula cha Saa Nne Usiku Huanza Saa Nne Asubuhi

Mtu akimaliza chipsi zege na mishikaki saa nne usiku, hali alikula wali saa mbili na tumbo lake lilikuwa limejaa, asubuhi huamka na lawama. Hujiita mroho, hujiita dhaifu, kisha huapa kwamba leo hatagusa kitu mpaka jioni. Nataka tuanzie kwenye kiapo hicho, kwa sababu ndicho kitakachomrudisha kwenye kibanda cha chipsi usiku unaofuata. Wengi wanaokula bila njaa hutafuta kosa kwenye sahani. Kosa lenyewe mara nyingi limetendeka mchana kutwa, wakati hawajagusa sahani yoyote.

Kwanza tuwekane sawa. Kula kwa sababu ya moyo si ugonjwa. Tunakula tukifurahi na tunakula tukifiwa. Majirani wanaobeba masufuria kwenda msibani ili wafiwa wasilale na njaa wanafanya jambo la utu, na sioni sababu ya mtu yeyote kuhesabu matonge siku ya Idi au Krismasi. Shida huanza chakula kinapokuwa dawa pekee tuliyo nayo: hasira kwa chakula, upweke kwa chakula, uchovu kwa chakula. Tena huliwa kwa siri, haraka, bila hata ladha yake kusikika, halafu aibu ifuate. Muulize mtu wa namna hii tonge la tano lilikuwaje, hatakumbuka.

Mchukue mama wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala. Ametoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, anawahi gari. Saa nne chai na maandazi vinapita ofisini. Anakataa, yuko kwenye dayati. Mchana wenzake wanaagiza wali maharage kwa mama lishe, yeye anakula kipande cha tikiti na maji. Saa kumi bosi anamgombeza mbele ya wateja, naye anajibu, "Samahani, bosi." Saa kumi na mbili amebanwa kwenye daladala. Nyumbani kuna madaftari ya watoto, kuna shati la mume la kesho, kuna simu ya wifi kuhusu mchango wa harusi. Saa nne nyumba imelala, naye anafunua sufuria. Yeye atasema aliyemponza ni ukoko. Mimi nasema ni yale maandazi aliyoyakataa, pamoja na lile neno ambalo hakumwambia bosi.

Tuanze na maandazi. Novemba 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia haijaisha, mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, nao wakakubali kupunguziwa chakula kwa hiari yao. Kwa miezi sita walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, karibu nusu ya walichokuwa wakila awali. Wakakonda, kama ilivyotarajiwa. Lakini kilichowashangaza watafiti ni akili zao. Chakula kikawa ndiyo mazungumzo yao ya kutwa. Baadhi yao wakaanza kusoma na kukusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, na wachache wakashindwa kujizuia, wakala kwa kuiba. Walipofunguliwa, wapo waliokula hadi kuumwa tumbo na bado wakasema hawajashiba. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uthabiti wao wa mwili na akili.

Angalia tena kalori zile: 1,570. Dayati nyingi zinazosambazwa kwenye simu zetu hushuka chini ya hapo, na wanaozifuata ni watu wenye kazi, watoto na foleni ya saa mbili.

Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio dogo ambalo bado naliona kuwa na funzo kubwa. Waliwanywesha baadhi ya wanafunzi wa kike maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawaomba waonje aiskrimu na kuitolea maoni, wakala wapendavyo. Wasio na habari za dayati walifanya kama ungetarajia: waliokunywa maziwa wakala aiskrimu kidogo. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume chake. Waliokunywa maziwa ndio waliokula aiskrimu zaidi. Kwao siku ilikuwa imeshaharibika, basi na iharibike yote. Kila aliyewahi kula kipande kimoja cha keki kwenye sherehe, akaamua kwamba "dayati nitaanza Jumatatu", analijua jaribio hili bila kulisoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unawaudhi wengi: kula mchana. Kula asubuhi pia, hata kama ni kiporo cha jana na chai, au uji, au kiazi kitamu na yai. Saa saba kula chakula kamili chenye maharage, samaki au dagaa ndani yake, si tunda peke yake. Na kabla hujapanda gari la jioni, nunua karanga au yai la kuchemsha kwa vijana wanaopita kituoni. Bei yake ni ndogo kuliko chipsi utakazozinunua ukishuka. Christopher Fairburn wa Oxford, mmoja wa wataalamu waliotumia muda mrefu zaidi kutibu watu wanaokula bila kujizuia, aliwataka wagonjwa wake wale kwa ratiba, milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, bila kupitisha saa tatu au nne hivi mchana pasipo chakula. Hilo hutangulia mazungumzo yoyote ya kupunguza uzito. Ukilifuata kwa wiki mbili, sehemu kubwa ya hamu ya usiku huenda ikaondoka bila vita, na kitakachobaki ndicho cha moyo hasa.

Usingizi nao una mkono wake. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne tu kwa usiku mmoja, kwa siku mbili mfululizo, kisha wakawapima damu. Wakilinganisha na siku za kulala vya kutosha, leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba mwili una akiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini inayoleta njaa ikapanda kwa asilimia 28. Vijana wenyewe walisema hamu yao imeongezeka, hasa ya vitamu, vya chumvi na vya wanga. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Kongowe anaishi ndani ya jaribio hilo mwaka mzima. Simwambii alale kwa muda wa saa nane, najua maisha. Namwambia asiitafsiri njaa ya usingizi kuwa udhaifu wa tabia. Nusu saa anayoitumia kitandani kutazama video za watu asiowajua, hiyo angeweza kuilala.

Sasa tuje kwenye lile neno ambalo hakulisema.

Watu hushangaa kwa nini siku ya ajali au ya habari mbaya chakula hakipiti kooni, ilhali mwezi wa kodi ya nyumba huwezi kuacha kutafuna. Ni mifumo miwili tofauti. Mshtuko wa ghafla humwaga adrenalini, na mwili unaojiandaa kukimbia hauna haja ya ugali. Dhiki inayokaa, ya mwenye nyumba anayetaka miezi sita kwa mpigo, ya marejesho ya kikoba kila Ijumaa, ya ndoa iliyonuna, huendesha homoni nyingine, kotisoli, na hiyo ikikaa juu kwa muda mrefu huamsha hamu kwa watu wengi. Tena haiamshi hamu ya mchicha. Inataka sukari na mafuta, ambavyo hutuliza kweli, kwa dakika chache. Ubongo ukishajua njia hiyo ya mkato hauisahau. Wapo pia ambao dhiki huwafungia tumbo kabisa. Kama ni wewe, makala hii mpelekee mwenzio.

Hasira iliyomezwa ndiyo ninayoiona ikila sana, hasa kwa wanawake, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu hajibu. Bosi hajibiwi, mama mkwe hajibiwi. Siwashauri mwende kugombana kesho. Lakini jambo lisemwe mahali fulani kabla ya usiku: kwa shoga yako unayemwamini, kwenye karatasi utakayoichana, au kwa mhusika mwenyewe siku ya pili, kwa sauti ya chini: "Bosi, jana uliniumiza uliponisema mbele ya wateja." Sentensi fupi namna hiyo inaweza kukuokoa na sahani nzima.

Kuna jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mama wa nyumba za kwetu huwalisha wote, kisha yeye hula amesimama, kwa kuchota sufuriani na kumalizia mabaki ya watoto. Hajaandaliwa sahani tangu asubuhi. Saa nne usiku ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayemwita. Anakula ili saa hiyo iwe na sababu ya kuwapo, maana mwanamke aliyekaa tu bila kufanya lolote huonekana mvivu, hata machoni pake mwenyewe. Ukimnyang'anya chakula bila kumwachia saa yake, umempokonya vyote viwili, naye atavirudisha vyote viwili. Basi ilinde saa. Kaa barazani, suka, sikiliza redio, paka miguu mafuta, piga simu kwa mdogo wako aliyeko Mwanza au Mombasa. Na jioni pakua chakula chako kwenye sahani yako, ukae chini na wenzako. Akina baba wanaosoma hapa, kazi ya kuosha vyombo haina jinsia, na huenda ikapunguza uzito wa mkeo kuliko mawaidha yenu.

Upweke na kukosa la kufanya nitavipitia haraka, si kwa kuwa ni vidogo bali kwa sababu dawa yake inajulikana: watu na kazi ya mikono. Mwanafunzi wa hosteli anayemaliza pakiti ya biskuti mbele ya kompyuta hana shida na biskuti. Akisomea kibarazani pamoja na wengine, pakiti hiyo hiyo itakaa siku tatu.

Tabia ya kula kwa sababu ya moyo huanzia mbali. Hilde Bruch, daktari wa akili mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi zake Marekani, aliandika kwamba mtoto anayepewa chakula kwa kila kilio, awe na njaa, baridi, hofu au usingizi, hukua bila kujifunza kuitofautisha njaa na mengine. Tunafanya hivyo kila siku. Mtoto kaanguka, pipi. Kanyang'anywa mpira, pipi. Mama anaondoka kwenda kazini, dada wa nyumbani anampa soda ili anyamaze. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, na mtoto aliyetaka kubebwa tu amefundishwa kwamba huzuni ina ladha tamu. Mbebe. Akisema ana njaa, mpe chakula.

Utajuaje kichocheo chako ni kipi? Chukua daftari la kawaida, usihesabu kalori. Kila unapokula nje ya milo yako andika saa, mahali, uliyekuwa naye, mara ya mwisho ulikula lini, na jambo lililotokea saa mbili zilizotangulia. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. "Jumanne, saa tatu usiku, jikoni, peke yangu, mchana sikula, nimetoka kuongea na kaka kuhusu shamba la baba." Wiki mbili zikitimia, yasome yote kwa pamoja. Wengi hudhani wana vichocheo ishirini. Wakisoma wanakuta viwili au vitatu vinavyojirudia, na mara nyingi siku ni zile zile. Mwingine atagundua kwamba ni kila anapotoka kuzungumza na mtu mmoja. Ukishajua hivyo, huna haja ya kupigana siku saba. Unajiandaa kwa Jumanne.

Kujiandaa kwenyewe kuwe kwa sentensi iliyokamilika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu anayepanga "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza nia yake zaidi ya yule anayesema tu "nitajitahidi". Basi sema: nikishuka kituoni, nitapita njia ya msikitini ambako hakuna vibanda. Nikikata simu ya kaka, nitatoka nje nizunguke nyumba kabla ya kuingia jikoni. Sentensi iwe na mahali na mwendo wa mwili. "Nitakuwa na subira" haitekelezeki.

Na hamu ikikukuta hujajiandaa? Jiulize kwanza kama ungekubali ugali na mboga za majani. Mwenye njaa hukubali, na kama unakubali, kula, hilo ni tumbo. Kama ni chokoleti tu au chipsi tu ndizo zitakazofaa, ahirisha kwa robo saa. Usijiambie "sili", jiambie "ngoja". Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyefanya kazi na walevi wanaoacha pombe, aliwafundisha kuitazama hamu badala ya kupambana nayo, kwa sababu hupanda, hufika juu, kisha hushuka yenyewe. Wengi hawajawahi kuiona ikishuka, kwa kuwa huilisha ikiwa bado inapanda. Robo saa ikipita na bado unataka, pakua kiasi kwenye sahani, kaa mezani, weka simu mbali, ule huku ukisikia ladha yake. Aliyekula hivyo hajashindwa.

Watu nao wana midomo. Huku kwetu mwili wa mtu ni mali ya umma: "Umenona, ndoa imekukubali!" Mwezi unaofuata, "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Maneno haya yanachochea kula kuliko tangazo lolote la biashara, tena wanaoyasema wanapenda kweli. Ukienda kwa shangazi usitamke neno dayati, utaanzisha baraza. Kula kidogo, sifu sana: "Nimeshiba, shangazi, mkono wako mtamu, Mungu akuzidishie." Akikufungia chakula cha kubeba, pokea kwa mikono miwili, na ukifika mtaani mpitishie mlinzi wa geti. Naye ni mja wa Mungu, na usiku wake ni mrefu.

Waislamu huniuliza kuhusu Ramadhani, kama kufunga si kujinyima kule kule. Kwa watu wengi si sawa: kufunga kuna mwanzo na mwisho unaojulikana, kuna jamaa, kuna maana, na kuna daku. Anayeacha daku ili akonde ndiye anayejikuta saa tano usiku akila kaimati bila idadi. Fungua kwa tende na maji, sali, kisha rudi kwenye futari. Ila aliyewahi kuugua ugonjwa wa ulaji, au anayetumia insulini, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kabla hujailaumu nafsi, angalia pia mfuko wa dawa. Prednisolone, amitriptyline, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapine, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango, vinaweza kuongeza hamu ya kula au uzito. Usiziache kwa uamuzi wako; rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Na njaa isiyoisha ikiandamana na kiu na kukojoa mara kwa mara, kapime sukari wiki hii.

Utateleza, hilo ulijue tangu sasa. Utakapoteleza, mlo muhimu kuliko yote ni kifungua kinywa cha kesho yake. Ukile kama kawaida, hata kama hujisikii, hata kama unajiona hustahili. Usiingie mtandaoni kutafuta chai ya kupunguza tumbo. Nyingi kati ya hizo huharisha tu, maji yakapotea na mafuta yakabaki. Usijitapishe.

Kwa wengine jambo hili limeshapita ushauri wa gazetini. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza rasmi kwenye mwongozo wake ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kujizuia: mtu hula kingi kwa muda mfupi, huhisi hawezi kusimama, na hali hiyo humtokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ikimwachia dhiki kubwa. Wanaume wanaupata pia, ingawa huwa wa mwisho kusema. Ukijiona humo, au kama unajitapisha, au unafikiria kujidhuru, nenda hospitali. Dar es Salaam, Muhimbili pana idara ya afya ya akili, Dodoma ipo Mirembe, Nairobi ipo Mathari, na huhitaji kuwa umerukwa na akili ili upokelewe. Nenda na daftari lako. Mwambie daktari waziwazi kwamba unakula na huwezi kuacha. Ukimtajia uzito peke yake, huenda akakupa karatasi ya lishe na kukurudisha nyumbani.